Kwa Nini Wakili Hutaja Kesi ya Mtu Mwingine

Mtu asiyezoea mambo ya mahakama, akiketi kwenye benchi la nyuma mjini Lodwar siku ya kusikilizwa mashauri, hushangazwa na jambo moja. Wakili husimama, na badala ya kueleza habari za mteja wake peke yake, hutaja majina ya watu wasiokuwapo, kisha mwaka, kisha herufi tatu au nne. Hakimu naye huandika. Mzee aliyeacha mifugo yake malishoni ili aje kudai mbuzi wake aweza kudhani kwamba kesi yake imesahauliwa, kumbe ndiyo kwanza inatafutiwa nguzo ya kuegemea.

Mzee huyo angefikiri kidogo, angeona kwamba jambo hili si geni kwake. Wazee wa Turkana wanapokutana chini ya mti kuamua ugomvi wa kisima au wa mahari, hukumbushana jinsi ugomvi wa namna ile ulivyoamuliwa zamani. Mahakama hufanya vivyo hivyo, ila hukumbuka kwa maandishi, na kumbukumbu iliyoandikwa haina budi kuwa na anwani ili mwingine aweze kuifikia.

Yafaa kutazama anwani moja ambayo imewagusa sana watu wa Kakuma, mji ulioko yapata kilomita 120 kutoka Lodwar, wenye kambi ya wakimbizi tangu mwaka 1992. Anwani yenyewe ni hii: Kituo cha Sheria na wengine 8 dhidi ya Mwanasheria Mkuu, [2013] eKLR. Maneno ya kwanza ni majina ya wenye shauri. Tarakimu zilizo ndani ya mabano ni mwaka wa hukumu. Herufi KLR ni za mfululizo wa taarifa za sheria za Kenya, na ile e ndogo yaonyesha kuwa ni toleo la intaneti. Siku hizi mtindo umebadilika kidogo, na hukumu za Mahakama Kuu huandikwa KEHC pamoja na nambari yake, za Mahakama ya Rufani KECA, na za Mahakama ya Juu KESC.

Chanzo cha shauri hilo ni amri iliyotolewa na Serikali mwezi wa Desemba 2012. Wakimbizi wote waliokuwa wakikaa mijini walitakiwa kuondoka. Wasomali waende Dadaab, na wa mataifa mengine waende Kakuma. Kati yao walikuwamo wenye maduka, wanafunzi, na wagonjwa waliokuwa wakitibiwa Nairobi. Tarehe 26 Julai 2013, marehemu Jaji David Majanja wa Mahakama Kuu aliifuta amri hiyo. Hakusema kwamba wakimbizi wako juu ya sheria. Alisema kwamba Serikali ikitaka kupunguza haki ya mtu ya kwenda atakako na kuishi kwa heshima, lazima ionyeshe sababu inayohusiana na jambo lenyewe. Haitoshi kusema "usalama" tu. Naye mwenyewe aliegemea maandishi yaliyotangulia, yaani Katiba ya 2010 na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951.

Tangu siku ile hukumu hiyo ikawa nguzo ya wengine. Mwaka 2014 Bunge lilipitisha sheria ya usalama, na ndani yake kikawamo kifungu kilichosema kwamba wakimbizi nchini wasizidi 150,000, hali walikuwako zaidi ya laki tano. Wale waliozidi wangepelekwa wapi? Mwezi wa Februari 2015 majaji watano wa Mahakama Kuu walikitangua kifungu hicho, na katika hoja zao waliitaja hukumu ya Kituo cha Sheria. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani nayo ikaithibitisha hukumu ile ya 2013. Kuthibitishwa huko ni jambo kubwa, maana neno la Mahakama Kuu humfunga hakimu wa chini, lakini jaji mwenzake aweza kulitafakari na kulikataa. Neno la Mahakama ya Rufani huwafunga wote wawili. Juu kabisa ni Mahakama ya Juu, ambayo uamuzi wake, kwa kifungu cha 163 cha Katiba, huzifunga mahakama nyingine zote.

Hata hivyo kutaja si uchawi. Mwezi wa Machi 2014 Serikali ilitoa amri nyingine ya kuwarudisha wakimbizi makambini. Wengine wakaenda mahakamani na hukumu ya 2013 mkononi, pengine wakiamini kwamba safari yao imekwisha. Shauri lilikuja mbele ya jaji yule yule, Bwana Majanja, naye tarehe 30 Juni 2014 akalitupa. Aliona kwamba mambo ya shauri la pili hayakuwa sawa na ya lile la kwanza. Wako waliomlaumu, lakini hapo ndipo kazi ya wakili inapopimwa: si kutaja hukumu tu, bali kuonyesha kwamba kisa cha zamani na cha leo ni ndugu wa tumbo moja. Wakili anayeorodhesha kesi ishirini asizozisoma humchosha hakimu bure.

Kuna hatari iliyo mbaya kuliko hiyo. Mwaka 2023, huko New York nchini Marekani, mawakili walipeleka mahakamani hati iliyotaja kesi zilizobuniwa na programu ya kompyuta. Majina yalikuwapo, miaka ilikuwapo, lakini kesi zenyewe hazikuwapo kamwe. Jaji aliwatoza faini ya dola 5,000. Walionaswa ni wanasheria wenye shahada. Mkulima aletewaye karatasi ya namna hiyo na mtu anayejiita mjuzi atatambuaje?

Atatambua kwa kuifuata anwani mwenyewe. Zamani jambo hili lilikuwa gumu. Hukumu za mahakama ya rufani ya Afrika Mashariki zilipigwa chapa katika vitabu kuanzia mwaka 1934, na mfululizo mwingine, ujulikanao kwa herufi E.A., ulianza 1957. Lakini vitabu vile vilikuwa vya bei, na vilikaa katika maktaba za mawakili na majaji. Leo liko baraza la kuchapisha hukumu, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, nalo huziweka hukumu katika intaneti bila malipo. Mwenye simu pale Kakuma, au karani aliye Lodwar, aweza kuandika majina ya wenye shauri na mwaka, akaipata hukumu nzima. Hukumu ya Kituo cha Sheria imo humo, na kila aya yake ina nambari, hata mtu akiambiwa "jaji alisema hivi," aweza kuuliza: katika aya ya ngapi?