Pine ya moto ya taksi: upepo kilo ngapi?

Bukavu, wamotari wengi wanapima upepo na kidole, ama wanapiga pine teke. Ikikataa kubonyea, basi « iko sawa ». Wengine wanaambia kwado ajaze mpaka ikuwe ngumu kabisa, sababu wanabeba watu wawili na muzigo juu.

Lakini kidole kinadanganya. Pine ya moto iko na kuta ngumu, na tofauti ya nusu kilo mkono hauisikii.

Kuna namba imeandikwa kwenye ubavu wa pine, na hapo ndipo wengi wanapotea. Namba ile inaonyesha uzito mkubwa ambao pine inaweza kubeba, na upepo unaoendana nao. Haisemi moto yako inahitaji kiasi gani. Kiwango cha moto kiko ndani ya kitabu chake, na mara nyingi kwenye karatasi iliyobandikwa karibu na mnyororo. Kwa moto nyingi za 125 na 150, mbele ni karibu kilo 1,75. Nyuma ni kilo 2 motari akiwa peke yake, 2,25 akipakia abiria. Kama manometa ya kwado inasoma PSI, kilo 2 ni kama 28.

Mbona mbele kidogo? Abiria anakaa nyuma, uzito unaenda kule. Pine ya mbele kazi yake kubwa ni kuongoza na kushika njia wakati wa freni. Ukiijaza kilo 3, inagusa chini na kipande kidogo cha katikati tu, na kila jiwe linairusha. Mvua ikinyesha, kwenye miteremko ya Kadutu, motari anafinya freni, gurudumu linasimama, lakini moto inaendelea kushuka.

Upepo mdogo nao ni hatari. Kuta za pine zinakunjwa kila mzunguko, zinapata joto, mpira wa ndani unaweza kuteleza na kung'oa valvu. Esanse nayo inaisha haraka.

Abiria wawili na gunia, je? Hapo hakuna kilo ya kuokoa. Upepo unasaidia pine kubeba uzito ambao moto ilitengenezewa; hauongezi nguvu ya freni wala ya janti.

Upepo unapimwa asubuhi, mbele ya kuanza kazi. Kiisha kutembea, pine inapata joto na namba inapanda yenyewe. Anayetoa upepo saa ile atajikuta kesho yake iko chini. Pine yenyewe pia inasema: ikiisha katikati, upepo ulizidi, ikiisha pande zote mbili, ulipunguka.

Manometa ndogo ya mfukoni si ya bei kali, na wamotari wa parking moja wanaweza kuchanga, wakaweka moja ya wote. Ile ya kwado, iliyoanguka chini mara mingi, inafaa kulinganishwa na ingine mbele ya kuiamini.