Ugo wa Mnyaa: Faida Yake na Hatari Yake

Katika nchi ya Bungoma, pande za Mabanga na hata kuelekea Kitale, mvua kubwa huanza mwezi wa Machi au Aprili. Apandaye ugo wa mnyaa wakati huo huweza kustaajabu kuona vipande vyake vimeoza. Sababu ni hii: mnyaa huweka akiba ya maji ndani ya shina lake. Kipande kibichi kikitiwa katika udongo uliolowa, uozo huingia kwa njia ya jeraha.

Basi yafaa kufanya hivi. Kata tawi lenye urefu wa sentimita 30, ulilaze kivulini muda wa siku saba hata jeraha likauke. Panda mahali pasipotuama maji. Na udongo ukiwa mzito, uchanganye na mchanga. Usimwagilie tena mpaka udongo ukauke. Machipukizi ya mshubiri nayo hutunzwa vivyo hivyo.

Lakini iko hatari. Utomvu mweupe wa mnyaa huchoma ngozi, na ukiingia jichoni huleta maumivu makali, hata mtu akapofuka kwa siku kadhaa. Mkataji asijifute uso kwa mikono isiyooshwa kwa sabuni, wala watoto wasiachwe kuchezea matawi. Ukimwingia mtu, jicho lioshwe papo hapo kwa maji safi yanayotiririka, kwa dakika 15 au zaidi, kisha apelekwe hospitali bila kukawia.

Ugo hupandwa ili kuilinda nyumba. Usiwe chanzo cha kumdhuru mtoto aliyemo ndani yake.