Kabla Hujaanza Sizoni, Piga Hesabu

Mwaka wa pili nilishika sapu ya Takwimu. Watu wengi wakishika sapu husema mhadhiri aliwakomoa, au pepa ilitoka nje ya desa. Mimi sina wa kumsingizia. Pepa ilikuwa Jumatatu saa tatu asubuhi. Ijumaa jioni rumu meti wangu alirudi na eksitano imejaa, akaniuliza, "We mwana, hivi Prison Break ulishawahi kuiona?" Nikasema bado. Akanitazama kama mtu aliyesikia kwamba sijawahi kula ugali. Nikamwambia basi weka, nione episodi moja tu, nipumzishe kichwa, halafu nirudi kwenye msuli.

Jumatatu saa kumi alfajiri nilikuwa episodi ya nne ya sizoni ya pili. Niliingia kwenye chumba cha mtihani macho mekundu. Nikaliona swali ambalo nilikuwa nimelifanyia mazoezi wiki moja kabla, na fomula haikuja. Kilichokuwa kinakuja kichwani ni ile ramani ya gereza la Fox River ambayo Michael Scofield amejichora mwilini.

Sapu ilikuwa Septemba. Bumu limeisha, hosteli zimefungwa, nikapanga chumba mtaani na jamaa wawili. Nyumbani mama alikuwa ananisubiri nimsaidie kuezeka banda la kuku kabla ya mvua. Nikampigia nikamwambia nimebaki kwa ajili ya field. Kesho yake akanitumia elfu arobaini, "ya field". Hiyo elfu arobaini inaniuma mpaka leo kuliko sapu yenyewe.

Siandiki haya kuwaambia muache sizoni. Mimi mwenyewe naangalia, na hapa chini nitawatajia nzuri. Ninachotaka kueleza ni kitu ambacho ningekijua ile Ijumaa kingeniokoa: sizoni zinatengenezwaje, zina ukubwa gani, na ipi uianze lini.

Kwa nini episodi moja haitoshi

Tulizoea kudhani kwamba anayeshindwa kuacha hana msimamo. Msimamo una nafasi yake, lakini kuna watu wanalipwa mshahara kuhakikisha huachi.

Chukua hiyo hiyo Prison Break. Ilianza kurushwa Marekani mwaka 2005 kwenye televisheni ya Fox, ambayo inaishi kwa matangazo ya biashara. Kipindi kimepewa saa nzima, lakini hadithi yenyewe ni dakika 43 hivi. Zilizobaki ni matangazo. Mwandishi anajua kwamba kila tangazo likiingia, mtazamaji anaweza kubadilisha chaneli. Kwa hiyo kabla ya kila tangazo anaweka jambo: mlango unafunguliwa, askari anageuka, simu inaita. Na mwisho wa episodi anaweka kubwa zaidi, kwa sababu hapo anataka ukae na arosto wiki nzima mpaka kipindi kijacho.

Sasa wewe unaangalia kwenye laptopu. Matangazo hayapo, na wiki ya kusubiri haipo. Arosto iliyopimwa kwa ajili ya siku saba unaimaliza kwa kubonyeza kitufe kimoja. Mwaka 2013 Netflix waliachia House of Cards, episodi 13 zote kwa siku moja, na tangu hapo hata mtindo wa kutoa vipindi ukabadilika. Ukimaliza moja, inayofuata inaanza yenyewe. Tabia hii ilienea kiasi kwamba mwaka 2015 kamusi ya Collins ililichagua neno la Kiingereza linaloitaja kuwa neno la mwaka.

Kuna jambo moja nililigundua baada ya kuangalia nyingi. Dakika kumi za mwanzo za episodi karibu kila mara zinalipa deni la episodi iliyopita. Yule aliyekuwa anakaribia kukamatwa unaambiwa kakamatwa au kapona. Baada ya hapo mambo yanatulia kidogo, mwandishi anaanza kukukopesha upya. Kwa hiyo mahali pabaya pa kuacha ni mwisho wa episodi, maana hapo ndipo unapodai. Pazuri ni katikati, dakika ya kumi na tano hivi ya episodi inayofuata. Tangu nianze kuacha hapo, nalala. Jaribu leo usiku uone.

Hesabu ambayo hatupigi

Kozi ya saa tatu kwa wiki, kwa semista ya wiki 15, ni saa 45 za lekcha. Iweke hiyo kichwani.

Breaking Bad ina episodi 62. Ukizijumlisha unapata saa 48 hivi. Yaani ukimaliza Breaking Bad umehudhuria kozi nzima bila kukosa lekcha hata moja, kitu ambacho wengi wetu hatujawahi kufanya kwa kozi yenyewe. The Wire ina episodi 60, nyingi zinakaribia saa moja moja. Sizoni ya kwanza tu ya Prison Break ina episodi 22, karibu saa 16. Jumong ya Korea, ambayo nyumbani tuliiangalia familia nzima, ina episodi 81. Hiyo usiiguse semista ikiwa imefunguliwa.

Halafu kuna bando. Netflix wenyewe wanasema picha ya kiwango cha kawaida inaweza kula mpaka GB 1 kwa saa, na ile ya HD mpaka GB 3. Zidisha kwa saa 48 halafu uniambie kama bumu lako linahimili. Kwa hiyo urefu wa sizoni si suala la muda peke yake. Ni chakula cha mchana.

Nikishajua ukubwa, swali linabaki moja tu: nina nafasi kiasi gani? Ndiyo maana nazipanga kwa kalenda ya chuo.

Za wikiendi moja

Chernobyl (2019) ni ya kwanza kwenye orodha yangu. Episodi tano tu, jumla kama saa tano na nusu. Inaeleza mlipuko wa mtambo namba nne wa nyuklia huko Ukraine, usiku wa tarehe 26 Aprili 1986. Jamaa zangu wa uhandisi waliipenda kwa sababu episodi ya mwisho inaeleza mahakamani, hatua kwa hatua, jaribio la usalama liligeukaje kuwa maafa. Mimi niliipenda kwa sababu nyingine: kila mtu kwenye ngazi ya uongozi anamwambia aliye juu yake kile anachotaka kukisikia. Aliyewahi kukaa kwenye kamati yoyote ya wanafunzi ataelewa. Ujue tu kwamba mwanasayansi wa kike, Ulana Khomyuk, ametungwa kuwakilisha wanasayansi wengi waliomsaidia Valery Legasov. Legasov mwenyewe alikuwepo kweli.

Squid Game ya Korea Kusini (2021), sizoni ya kwanza, ina episodi tisa. Washiriki 456, wote wamezama kwenye madeni, wanacheza michezo ya watoto na anayeshindwa anauawa. Damu ni nyingi, kwa hiyo kama una moyo mwepesi iache. Lakini kwa mtu anayesoma kwa mkopo, lile swali la nini deni linaweza kumfanya binadamu akubali, halimpiti hivi hivi.

Country Queen (2022) ni ya Kenya, episodi sita. Akisa ameondoka kijijini miaka kumi, anaishi Nairobi, anarudi na kukuta kampuni ya madini inataka ardhi ya watu wake. Wahusika wanaongea Kiswahili, Kiingereza na lugha za makabila kama tunavyochanganya sisi kwenye basi la kwenda nyumbani. Hadithi inakimbia sehemu fulani, sikatai, lakini ugomvi wa mgodi na kijiji tunaujua wote.

Ya katikati ya semista

Hapa nina sharti: iwe hadithi ambayo kila episodi inasimama yenyewe kiasi fulani, usishikwe shati. Kwangu ni Siri ya Mtungi. Ilianza kurushwa hapa Tanzania mwaka 2012, imepigwa Bagamoyo, na katikati yake yupo Cheche, mpiga picha mwenye studio, na familia yake yenye siri. Ndani yake kuna elimu ya uzazi wa mpango na ya virusi vya Ukimwi, lakini imepikwa vizuri, huhisi kama uko semina. Na Kiswahili chake ni kitamu. Mtu akikwambia Watanzania hatuwezi tamthilia, muonyeshe hiyo kwanza, halafu mbishane.

Za likizo tu

The Wire (2002 hadi 2008) ndiyo bora kuliko zote nilizowahi kuangalia, na ndiyo ambayo watu wengi huiacha episodi ya tatu. Inaanza taratibu. Mwandishi wake David Simon alikuwa mwandishi wa habari za polisi mjini Baltimore, na mwenzake Ed Burns alikuwa mpelelezi, kisha akawa mwalimu. Kila sizoni wanaongeza sehemu moja ya mji: polisi na wauza unga, bandari, siasa, shule, halafu gazeti. Mnaosoma ualimu, vumilieni mpaka sizoni ya nne. Kuna polisi aliyeacha kazi akaenda kufundisha hesabu, darasa linamshinda siku ya kwanza, na unawafuata wavulana wanne mpaka unaanza kuogopa kuwajali. Nilipoimaliza niliielewa sosholojia ya mwaka wa kwanza ambayo nilikuwa nimeikariri.

Breaking Bad (2008 hadi 2013) inamhusu Walter White, mwalimu wa kemia mjini Albuquerque, anayeambiwa ana saratani ya mapafu na kuamua kupika dawa za kulevya ili aiachie familia hela. Hapa uongo mmoja mdogo unazaa mwingine, na kila mmoja una sababu nzuri. Kwa aliyemdanganya mama yake kuhusu field, haikuwa burudani tupu.

Na Prison Break? Angalia sizoni ya kwanza. Mhandisi anajifungisha gerezani makusudi ili amtoe kaka yake anayesubiri adhabu ya kifo. Mpango mmoja, jengo moja, saa 16. Lakini jina lenyewe linakwambia shida iko wapi. Hadithi ilikuwa ya kutoroka, na televisheni ilitaka iendelee. Ndiyo maana sizoni ya tatu wanarudishwa gerezani tena, safari hii Panama. Ukiiacha mwisho wa sizoni ya kwanza, wala hujapungukiwa.

Masharti yangu

Kwanza, ninakopi episodi tatu tu kwenye laptopu. Zilizobaki zinakaa kwenye eksitano ya rumu meti, naye ana amri ya kuninyima. Aliyeniingiza shimoni ndiye mlinzi wangu sasa.

Pili, nikiwa na Netflix ya kuchangia, nazima ile sehemu ya kujiendesha yenyewe kwenye mipangilio ya akaunti. Ukilazimika kubonyeza, unapata sekunde kumi za kujiuliza.

Tatu, siangalii kitandani. Mezani mgongo unauma, na mgongo ukiuma unakumbuka kwamba una maisha.

Nne, wiki ya UE sianzi kitu kipya, hata kiwe cha episodi tano. Nikihitaji kupumzika narudia kitu nilichokwisha kukiona. Najua nani anakufa, kwa hiyo hakuna deni. Na nalala, kwa sababu uliyoyasoma mchana yanashika vizuri kichwani ukiwa umelala. Mimi nilikuwa nimeisoma ile fomula. Nilichokosa ni usingizi wa kuihifadhi.

Sapu niliifaulu. Likizo iliyofuata nilienda nyumbani, tukaezeka banda, na nikiwa juu ya ngazi nikamwambia mama ukweli wote, kuanzia Ijumaa mpaka elfu arobaini. Alinyamaza muda mrefu. Nikasubiri matusi. Kisha akauliza, "Na huyo kijana, kaka yake alimtoa?"

Nikamwambia alimtoa.

"Haya, shuka unipe na mimi nione. Ila hiyo elfu arobaini unarudisha."

Nimerudisha elfu ishirini na tano. Iliyobaki naimalizia bumu likitoka.