Kipupwe na Utulivu wa Nyoyo Shuleni

Kipupwe kiingiapo, kati ya Juni na Agosti, mtaa wetu wa Uthiru hufunikwa na mawingu mazito tangu alfajiri hadi jioni. Manyunyu hayakatiki, na baridi hupenya mabati. Wanafunzi hufika darasani wamejikunyata, nao walimu hushika chaki kwa vidole vilivyokufa ganzi. Hayo ya mwili twayaona na kuyasema. Ya moyoni twayanyamazia: hasira za karibu, uzito wa roho, na yule mwanafunzi mcheshi ambaye ghafla huwa haongei na mtu.

Mwaka wa 1984 daktari Norman Rosenthal na wenzake, huko Marekani, walieleza huzuni inayowapata watu wakati wa baridi, wakaihusisha na ufupi wa mchana. Kwetu sababu hiyo haitoshi. Nairobi iko karibu sana na Ikweta, na mchana wa Julai hudumu takribani saa 12 sawa na ule wa Januari. Tunachokikosa ni jua lenyewe, na pamoja nalo mwendo wa mwili. Viwanja hujaa matope, michezo huahirishwa, na kila mtu hujifungia ndani.

Isitoshe, majira haya huangukia muhula wa pili, wenye mitihani ya majaribio na hofu zake. Ni katika muhula huo, mwaka wa 2016, ambapo zaidi ya shule 100 nchini zilikumbwa na visa vya moto. Sisemi kwamba baridi ndiyo iliyouwasha. Sababu zilizotajwa zilikuwa nyingi. Nasema tu kwamba nyoyo za vijana wetu huelemewa wakati huo, nasi hatuna budi kuwapa njia ya kuutua mzigo.

Pendekezo langu ni dogo: dakika kumi za yoga kabla ya somo la kwanza. Wanafunzi wasimame kando ya madawati, wainue mikono, wanyooshe mgongo, wainame polepole, kisha waketi na kupumua kwa utulivu. Mtu akitoa pumzi kwa muda mrefu kuliko alivyoivuta, mapigo ya moyo hupungua na misuli hulegea. Hahitaji mkeka wala mavazi maalumu. Sare ya shule na sweta vyatosha.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya matajiri. La hasha! Tangu mwaka wa 2007 shirika la Africa Yoga Project, lililoanzishwa hapa Nairobi, limewafunza vijana wengi wa mitaa ya mapato ya chini wakawa wakufunzi.

Wengine watauliza kuhusu dini, na swali lao ni la haki. Yoga ilizaliwa India, katika mapokeo ya dini za huko, na si vyema kumficha mzazi jambo hilo. Lakini kunyoosha viungo na kupumua si ibada. Shule iyaache maneno na nyimbo za ibada, iwaeleze wazazi mapema, na asiyeridhika mtoto wake atembee uwanjani kwa muda huohuo. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Hata hivyo, tusiifanye yoga kuwa dawa ya kila ugonjwa. Jopo la serikali kuhusu afya ya akili lilipendekeza mwaka wa 2020 kwamba maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la kitaifa. Mwanafunzi asiyelala, asiyekula au anayezungumzia kifo ahitaji mshauri na daktari, wala si mazoezi ya asubuhi. Na anayesomea chumbani usiku asijifungie na jiko la makaa. Moshi wake usioonekana huua.

Walimu wakuu, jaribuni jambo hili kwa muhula mmoja wa pili. Na sisi walimu tusisimame mlangoni tukiwatazama vijana. Tunyooshe migongo pamoja nao, kwani baridi inayowauma ndiyo inayotuuma sisi. Kipupwe hatuwezi kukizuia. Twaweza kuhakikisha kwamba hakuna mtoto anayekipitia peke yake.