Sekondari Ipi kwa Mtoto wa Blacktown? Hesabu ya Miaka Sita

Kila mwaka ukielekea mwisho napata simu ya aina moja. Anayepiga ni mzazi aliyehamia Sydney miaka miwili au mitatu iliyopita, akitokea Dar es Salaam, Mombasa au Bukavu, na swali lake ni hili: matokeo ya darasa la sita yanatoka lini? Inanibidi nimwambie kwamba hayatoki. Katika jimbo la New South Wales hakuna mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Hakuna ofisi kama TAMISEMI ya Tanzania ya kumpangia mtoto shule, wala barua ya kuitwa shule ya kitaifa. Mtoto anamaliza darasa la 6 Desemba, likizo ya kiangazi inapita, na shule zikifunguliwa anaingia darasa la 7, ambalo hapa ndilo mwaka wa kwanza wa sekondari. Atakaa huko miaka sita, mpaka mtihani wa kumaliza sekondari, HSC. Mtihani wa NAPLAN anaoufanya akiwa la 3 na la 5 unapima kusoma, kuandika na hesabu, haumpangii shule.

Mzazi anayesubiri matokeo, basi, anasubiri kisichokuja, na huku madirisha ya maombi yanafungwa moja baada ya jingine. Linaniuma hilo, kwa sababu wanaopoteza ni watoto, na wanapoteza kwa kukosa taarifa tu.

Mwaka jana nilikaa mezani na mama mmoja Mkongo, mkazi wa Blacktown, anayefanya zamu za usiku katika nyumba ya kutunzia wazee. Alikuwa na daftari la hesabu, lile la miraba, amechora safu nne: shule ya serikali ya mtaani, shule ya serikali ya kuchaguliwa kwa mtihani, shule ya Kikatoliki, na shule kubwa ya binafsi. Chini ya kila safu aliandika namba moja tu: ada. "Kaka," akasema, "mbona nikipiga hesabu naona kama nimeshamaliza, lakini moyo unaniambia bado?" Moyo wake ulimwambia kweli. Tulianza upya, na namba za ukurasa ule ndizo zitakazotuongoza hapa.

Safu ya kwanza ilikuwa na sifuri. Kwa raia, mkazi wa kudumu na aliyekuja kwa viza ya ukimbizi, shule ya serikali haina ada ya masomo. Mchango ambao shule huomba kila mwaka ni wa hiari, na mtoto hapaswi kunyimwa kitu kwa sababu mzazi hakuutoa. Kinachoweza kudaiwa ni gharama za vifaa vya masomo ya kuchagua, kama mbao za useremala au vyakula vya somo la mapishi. Tuliongeza sare, viatu, kompyuta mpakato (shule nyingi zinataka mtoto aje na yake), kambi na safari. Kwa mwaka wa kwanza daftari lilifika dola 1,400, na zaidi ya nusu yake ilikuwa kompyuta. Mzazi aliyebanwa amwendee mkuu wa shule mapema na kwa faragha: shule za serikali zina fungu la kusaidia sare na safari, na kuliomba si aibu. Walio kwenye viza za muda wasome masharti yao vizuri, kwa kuwa baadhi ya viza hutozwa ada ya maelfu ya dola kwa mwaka hata katika shule ya serikali.

Shule ya serikali ya mtaani inafuata anwani. Kila nyumba Sydney imo ndani ya eneo la sekondari fulani, na ramani iko kwenye tovuti ya Idara ya Elimu. Mtoto wa eneo hilo ana haki ya nafasi. Wa nje ya eneo huomba, na akichukuliwa ni kwa sababu nafasi imebaki. Shule inayogombewa itakudai ushahidi wa makazi wenye kufikisha pointi 100: mkataba wa pango, bili ya umeme, na kadhalika. Hapo ndipo familia zetu nyingi huanza kuwaza kuhamia Carlingford, Epping au Cherrybrook, ambako shule za mtaani zina jina kubwa.

Nilimwomba mama yule aiandike hiyo nayo kama ada. Pango likizidi kwa dola 150 kwa wiki, kwa mwaka ni dola 7,800, na kwa miaka sita ni dola 46,800. Akaiangalia namba ile kimya, kisha akaiwekea duara. Kwa mwenye watoto wanne wanaofuatana, huenda duara hilo likawa na faida, maana wote watapita mlango mmoja. Kwa mwenye mtoto mmoja, tena aliyezungukwa Blacktown na kanisa lake, jamaa zake na kazi yake, mimi siliungi mkono.

Safu ya pili ndiyo inayozungumzwa zaidi kwenye harusi na misiba yetu. Hizi ni shule za serikali zinazochukua watoto kwa mtihani, na anayezijua Ilboru na Kibaha za Tanzania, au Alliance na Mang'u za Kenya, ataelewa mara moja. James Ruse ya Carlingford iliongoza orodha za HSC za magazetini miaka 27 mfululizo, hadi North Sydney Boys ilipoipita mwaka 2023. Upande wetu wa magharibi zipo Girraween, Penrith na Baulkham Hills, na zipo zenye mikondo ya kuchaguliwa ndani ya shule ya kawaida, kama Blacktown Boys, Blacktown Girls na Parramatta High. Hazina ada ya masomo. Mtihani nao haulipiwi.

Ila watu ni wengi kuliko viti: waombaji zaidi ya 17,000 kwa mwaka, kwa nafasi 4,200 hivi. Mei 2025, mtihani ulipofanywa kwa kompyuta kwa mara ya kwanza na watoto kukusanywa kwenye kumbi kubwa, msongamano kwenye kituo cha Canterbury ulizidi mpaka polisi wakaitwa. Mtoto hufanya sehemu nne: kusoma, hoja za hisabati, stadi za kufikiri, na kuandika. Anachagua shule zisizozidi tatu. Matokeo huja miezi mitatu hivi baadaye, na hayaji na alama. Mzazi anaambiwa tu mwanawe yuko katika kundi gani ukilinganisha na wenzake, na kama amepata nafasi au yumo kwenye orodha ya akiba.

Tangu watoto walioingia darasa la 7 mwaka 2023, hadi asilimia 20 ya nafasi hutengewa makundi ambayo zamani yaliachwa nyuma, wakiwamo watoto wa familia zenye hali duni ya kielimu na kikazi. Hali hiyo hutambuliwa kwa yale mzazi aliyoyajaza shuleni kuhusu elimu na kazi yake. Wazazi wetu wengi huviruka visanduku hivyo, wakidhani ni upelelezi. Vijaze vyote, na ujaze ukweli. Mama yule aliviacha wazi tangu mwanawe alipoanza la 2, na kesho yake baada ya mazungumzo yetu alipita ofisi ya shule kuvijaza.

Gharama ya safu hii imejificha kwenye tuisheni. Vituo vimejaa Parramatta na Blacktown, na vinatoza mamia ya dola kwa muhula. Kuna watoto wanaoanza la 3. Ukilipa dola 800 kwa muhula, mihula minne kwa mwaka, miaka miwili imekula dola 6,400 kwa ajili ya mtihani ambamo watoto watatu kati ya wanne hawapati nafasi. Idara ya Elimu ina mitihani ya mazoezi kwenye tovuti yake, bure. Ningeanza na hiyo: Jumamosi moja asubuhi, meza safi, saa ukutani, simu mbali. Ukiona mtoto anafurahia mafumbo yale, mwandikishe. Ukiona analia, umeshapata jibu lako.

Halafu kuna safari. Mwanafunzi wa sekondari anayeishi zaidi ya kilomita 2 kutoka shuleni kwa mstari ulionyooka, au angalau kilomita 2.9 kwa miguu, anaweza kupewa kadi ya Opal ya shule na kusafiri bure kwa treni na basi kwenda na kurudi. Kadi hii ni kwa shule zote, za serikali na zisizo za serikali, kwa hiyo katika safu zote nne nauli ilibaki sifuri. Saa ndizo hazikubaki sifuri. Simama kituo cha Blacktown saa moja kasoro asubuhi, mwezi wa Julai, jua likiwa halijapanda: utaona watoto wa miaka 12 wenye mabegi makubwa kuliko mgongo, macho mazito, mmoja anamalizia mkate huku akikimbilia ngazi. Saa moja na nusu kwenda na nyingine kurudi ni saa 15 kwa wiki. Hizo ni saa za kulala, za mpira, za kuzungumza Kiswahili na bibi. Mimi na mama yule tuliziandika saa hizo kwa wino mwekundu.

Safu ya tatu, yaani shule za Kikatoliki za jimbo la kanisa la Parramatta, pamoja na shule za Kiislamu kama Malek Fahd ya Greenacre na Al-Faisal ya Auburn, iko katikati. Ada ni maelfu machache, wala hazifiki makumi ya maelfu. Tuseme dola 5,000 pamoja na michango: miaka sita ni dola 30,000, na ada hupanda. Uliza mambo mawili kabla ya yote: punguzo la ndugu ni kiasi gani, na shule inafanya nini mzazi anapopoteza kazi. Shule nyingi za Kikatoliki za jimbo husema hazimkatai mtoto kwa sababu ya umaskini wa kweli. Liombe hilo kwa maandishi. Anayetaka mwanawe alelewe katika imani yake ana sababu ya kulipa. Anayelipa ili tu akwepe shule ya mtaani aende kwanza akaitembelee hiyo ya mtaani siku ya wageni.

Kuhusu safu ya nne sitasema mengi. Mwaka 2025 baadhi ya shule kongwe za binafsi za Sydney zilivuka dola 50,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa darasa la 12. Ukikadiria wastani wa dola 40,000, miaka sita ni dola 240,000, bila koti, safari wala ada za maombi zisizorudishwa. Bila ufadhili, usikope. Kuna mitihani ya ufadhili, na hufanywa mapema, mara nyingi mtoto akiwa la 5.

Kwa mtoto aliyefika juzi na Kiingereza bado kinamlemea, safu zote nne zinangoja. Anaanzia kituo cha Kiingereza cha kina, kama kile cha Evans pale Blacktown au cha Holroyd, kisha anaingia sekondari ya kawaida. Na mwenye miguu ya mpira asisahau Westfields Sports High, shule ya serikali ya Fairfield West alikosoma mwanasoka Harry Kewell. Mtoto huingia kwa majaribio ya michezo.

Neno kuhusu orodha za magazetini. Zinahesabu alama za 90 na kuendelea tu, kwa sababu ndizo zinazotangazwa. Mwalimu aliyemtoa mtoto kwenye 50 akamfikisha 78 haonekani humo hata kidogo, na watoto wetu wengi wanamhitaji mwalimu huyo kuliko mwingine yeyote.

Mama wa Blacktown aliamua hivi: shule ya mtaani ndiyo msingi, mtihani wa kuchaguliwa mtoto aufanye bila tuisheni ya miaka miwili akichagua shule za karibu tu, na dola 5,000 za kila mwaka ambazo zingekuwa ada ya shule ya Kikatoliki ziende kwenye mwalimu wa Kiingereza mara moja kwa wiki, kompyuta nzuri, na tiketi ya kwenda Bukavu kumwona babu. Nami nauona uamuzi huo kuwa bora kwa familia nyingi ninazozijua.

Kama mtoto wako yuko la 5 mwaka huu, maombi ya mtihani hufunguliwa kuelekea Novemba na kufungwa Februari. Fomu iko mtandaoni na haina ada. Mwambie na jirani yako.