Karatasi za Wazee Wetu

Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili cha kwetu habari za mji wa Élisabethville, ulioitwa Lubumbashi mwaka uliofuata. Aliziandika kwa ajili ya chama cha waliokuwa maboi, yaani watumishi wa nyumba za Wazungu. Mwaka 1990 mtaalamu Johannes Fabian alizitoa katika kitabu, pamoja na tafsiri na maelezo. Maandishi yale yalikuwa magumu kwa macho. Kalundi Mango alipoyasoma kwa sauti, maana ikasikika.

Basi, sisi wa Kasomeno tusidharau karatasi za wazee. Cheti cha ubatizo, barua, kitabu cha kazi: tuvitunze mahali pakavu, tena tuwaombe wenyewe watusomee wangali hai. Mchwa hana huruma.