Msitu Ndani ya Neno

Mtoto wa delta ya Rufiji anaijua mikoko kabla hajajua kusoma. Anajua nguzo zake zinavyokatwa, anajua na mashamba ya mpunga yaliyofyekwa humo. Akiingia kidato cha kwanza huko Kibiti, ambako masomo mengi hufundishwa kwa Kiingereza, jambo hilohilo hulikuta limejificha ndani ya neno la herufi 13: “deforestation”. Kwa mazoea ya ba, be, bi, atalikata kwa silabi: de-for-es-ta-tion. Ulimi utapita, lakini msitu umeshapasuliwa, “for” huku, “es” kule, na “t” yake imehamia “ta”, wala hauonekani tena. Alikate kwa maana: “de-” huashiria kuondoa, “forest” ni msitu, “-ation” hutaja tendo. Akibandika “re-” mahali pa “de-”, amepata kupanda upya msitu uliokatwa, bila kufungua kamusi.

Ufundi huu si mgeni kwake. Katika somo la Kiswahili hufundishwa kwamba “anatukatia” ina silabi a-na-tu-ka-ti-a, ilhali mofimu zake, yaani vipande vyake vya maana, ni a-na-tu-kat-i-a. Mzizi “kat” umekatwa na silabi kama “forest” ilivyokatwa. Ajabu ni kwamba maarifa hayo huachwa mlangoni kipindi cha Kiingereza kinapoanza, na neno refu likakaririwa zima, kama namba ya simu.

Mwalimu anaweza kusema silabi ndizo zinazofundisha matamshi. Ni kweli, na pengine kwa maneno haya ni rahisi kuliko tunavyodhani: yanayoishia na “-tion” huwekewa mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama Kiswahili chetu. Lakini anayetamka vizuri asichokielewa bado hajasoma. Pingamizi zito zaidi ni kwamba vipande hudanganya. “Carpet” ni zulia, halina gari wala mnyama wa kufugwa. Hapo sentensi ndiyo hakimu: maana ya vipande isipoingia humo, mkato umekosewa. Na hata mkato uliokosewa huweza kuzaa. Kiswahili kilipolipokea neno la Kiarabu “kitab”, “ki” haikuwa kiambishi hata kidogo, ilikuwa sehemu ya neno lenyewe. Wazee wetu wakaikata, wakaweka “vi” mahali pake, na leo tunasoma vitabu.